Nilimwibia Mkono wa Kushoto

Jumatatu, 4 Oktoba 1915

Nimemkosea Hattie Dunleavy. Nimemwibia mkono wa kushoto.

Naandika hapa ili nisije nikalisema pengine.

Tuelewane kwanza. Wimbo sikuuiba. Mkono wa kulia wa piano ndio wimbo wenyewe, ule ambao watu wanaupiga mluzi wakishuka treni ipitayo juu ya barabara. Wa kushoto ni ule wa chini, unaosema sasa tunapanda, sasa tunageuka, sasa tunarudi nyumbani. Nani alishawahi kupiga mluzi mkono wa kushoto? Hakuna. Basi kimeibiwa nini?

Kosa ni la ukuta. Ofisi ya kuchapisha nyimbo ya Bwana Fenstermacher ina vyumba vyembamba kama makabati, kila kimoja na piano yake, na ukuta kati yangu na Hattie ni karatasi iliyopakwa rangi. Wiki nzima anatunga wimbo wake wa taratibu, "Pasi ya Mama", habari za mama yake anavyopiga pasi nguo za watu huku akiimba. Mkono wa kushoto ule ule, asubuhi mpaka saa ya kufunga. Mkono mzuri, sikatai. Ukafika mahali nikawa naota nao. Nikaamka, nikaukalia, nikatungia juu yake wimbo wangu wa harakaharaka, "Vua Kofia, Mabel", kuhusu bibi aliyeziba jukwaa zima kwa manyoya ya mbuni. Wimbo wa kwanza wa maana nilioandika tangu niote mvi.

Leo Bwana Fenstermacher katoa uamuzi. Mchezo wa "Binti wa Lifti" pale ukumbi wa Corinthian una tundu katika sehemu ya pili, unataka wimbo. Ameupa "Pasi ya Mama" nafasi mpaka Jumamosi. Watu wakiuitia urudiwe, unabaki, unachapishwa, jina la Hattie juu ya jalada. Wasipouitia, unatoka, unaingia wa kwangu.

Hattie kapiga piano dukani kwa Fenstermacher tangu akiwa na nywele za kusuka, anawapigia wateja nyimbo za watu wengine. Jina lake halijawahi kuchapwa hata kwenye mlango. Nilimpa mkono wa pongezi. Wa kulia.

Jumanne, 5 Oktoba

Wameuitia urudiwe. Jana, usiku wa kwanza tu! Delphine Ostrow, nyota wa mchezo, kaimba kasimama karibu na taa, mikono imetulia, na wanaume wazima wakatoa leso.

Leso! Kwa pasi!

Leo nimekwenda mwenyewe, nikakaa safu ya mbele, na kila Delphine akifika kwenye kiitikio nikakohoa. Si kikohozi cha mzaha. Nilikitoa chini kabisa. Kikohozi cha tatu, mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega akanipa peremende ya koo. Cha nne, mwanamume akasema yeye ni daktari, nifungue mdomo. Nikakaa nimefungua mdomo beti nzima, ananichungulia kwa kiberiti. Kasema sina kitu.

Wimbo ukarudiwa mara mbili.

Perla, mke wangu, kaniuliza kwa nini nimerudi nanuka peremende. Nikamweleza. Siri namficha kila mtu, yeye siwezi, ananisoma kisogoni. Kasema, "Lazar, wewe ni mtu mzima una mabinti wa kuozesha, unakwenda kumkoholea msichana wa watu?" Nikamwambia si msichana, ana miaka thelathini na kitu. Akasema hilo halikuwa swali.

Jumatano, 6 Oktoba

Siku gani hii! Sijui niitukane au niibusu.

Niandike kwa utaratibu. Kazi yangu ya zamani, kabla sijapewa chumba, ilikuwa roshani. Kila mtu wa biashara hii anajua. Ofisi inakuketisha juu kati ya watu waliolipa, umevaa kama karani wa kawaida, na wimbo wao ukiisha jukwaani unasimama kama mtu aliyeshindwa kujizuia, unaimba kiitikio tena kwa sauti kubwa, mpaka ukumbi mzima unaimba nawe. Watu wanadhani umepagawa na wimbo. Kumbe ni ajira.

Basi nikajiuliza, kama roshani inaweza kuupandisha wimbo, kwa nini isiushushe?

Onyesho la mchana. Nimekaa juu, kushoto. Delphine kaingia na pasi yake. Kamaliza beti, kafika kwenye kiitikio, ukumbi kimya, leso tayari. Nikasimama. Nikafungua kifua, nikaanza kumwimbia "Vua Kofia, Mabel" juu ya kichwa chake, harakaharaka, kwa nguvu zote. Nia yangu ilikuwa moja, apotee, nyimbo zigongane kama mikokoteni miwili ya barafu kwenye uchochoro mmoja, watu wazomee, pasi ipoe.

Hazikugongana.

Mungu wangu. Zilikaa! Pale Delphine anapovuta neno moja refu, mimi nina maneno tisa yanaingia ndani yake. Pale mimi navuta pumzi, yeye anashuka taratibu. Mama anapiga pasi, Mabel anavua kofia, na vyote viwili vikafika nyumbani kwa wakati mmoja, mlango mmoja.

Nikataka kuacha, mdomo ukakataa. Watu walisimama. Walipiga miguu. Mtu alirusha kofia yake. Tuliimba mara nne! Delphine ananitazama juu kwa macho ya kuua na huku anatabasamu, ndiyo kazi yake.

Mwaka huu wote mji mzima unatafuta wimbo pacha. Ndio mtindo. Mmoja anaimba wake wa taratibu, anamaliza. Mwingine anaimba wake wa haraka, habari nyingine kabisa, anamaliza. Halafu wanaimba pamoja, kila mtu na wake, na zinakaa. Bwana Fenstermacher kalilia wimbo pacha tangu majira ya kuchipua. Sote tumejaribu, sote tumeshindwa. Mimi binafsi nimeshindwa mara nyingi kuliko wote.

Na leo nimeutengeneza kwa kujaribu kuua.

Kuna jambo moja tu linanitafuna. Kwa nini zilikaa? Ninajua kwa nini. Na kuna mtu mmoja mwingine mjini anayejua. Hattie. Alikuwa chini pale, kwenye piano ya ukumbi, ndiye aliyekuwa akipiga.

Alhamisi, 7 Oktoba

Bwana Fenstermacher kanikumbatia. Ana uvimbe wa dole gumba la mguu, hatembei kwenda kwa mtu, watu ndio humwendea. Leo alitembea! Kanuka matango ya siki. Kaniita mwanangu, ingawa kanizidi miaka minne tu.

Yeye noti hasomi hata moja, lakini ana falsafa. Kasema kwa sauti, mbele ya ofisi nzima, kwamba nyimbo mbili haziwezi kukaa hivyo kama hazikutoka kichwa kimoja. Kama funguo na kufuli, kasema, fundi ni mmoja. Na aliyesimama roshani kuonyesha ni Pomerantz, yaani mimi. Kwa hiyo Pomerantz katunga zote mbili, na "Pasi" alimpa Hattie aipige tu. Si ndivyo, Lazar?

Sikusema uongo. Hilo liandikwe. Nilinyamaza, basi. Nilinyamaza kwa nguvu sana.

Kaagiza jalada lichorwe upya. Mama na pasi upande mmoja, Mabel na manyoya upande mwingine, jina langu katikati. Langu peke yangu.

Hattie alikuwa mlangoni. Hakulia, hakupaza sauti. Kanifuata mpaka kabatini kwangu, kafunga mlango, kakaa kwenye kiti changu cha piano. Akapiga kwa mkono wa kushoto tu. Ule ule. Halafu akasema, "Bwana Pomerantz, umevaa soksi zangu."

Nikamwambia sielewi.

"Umezivua kwangu ukazivaa kwako, na sasa unatembea nazo mbele za watu unaniuliza soksi gani. Mama yangu atanunua gazeti Jumapili aone jina langu. Hajui kusoma vizuri, lakini jina la Dunleavy analijua lilivyo. Kamwambia kila mtu ngazini kwetu, kuanzia ghorofa ya chini."

Nikamwambia muziki ni wa watu wote, kwamba hata yeye huo mkono alizaliwa akaukuta, kwamba hakuna sheria. Nilisema vizuri, nilishangaa mwenyewe.

Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya, kaka." Tu. Akatoka anapiga mluzi.

Ijumaa, 8 Oktoba

Kwa nini alipiga mluzi?

Leo mchana hakunisemesha vibaya hata kidogo. Kanisalimia. Kaniletea kahawa! Nimeinusa kwanza, nikampa mchoraji wa majalada. Hajafa.

Bwana Fenstermacher anataka Jumamosi mchana nipande jukwaani mwenyewe, si roshani, niimbe "Mabel" bega kwa bega na Delphine, wenye majumba ya michezo wote wamealikwa. Karatasi za bendi hazijawa tayari, kwa hiyo bendi itanyamaza, itapiga piano peke yake. Nani atapiga? Hattie kainua mkono. Kasema itakuwa heshima. Neno lenyewe hilo, heshima.

Jioni Perla kawasha mishumaa ya Sabato, tukala samaki. Nikangoja anipongeze. Akaniuliza kama nitamwambia bosi ukweli kabla ya kesho. Nikamwambia kesho yenyewe ni Sabato, mtu hatakiwi kufanya kazi. Akasema, "Kuimba jukwaani si kazi, kusema kweli ndiyo kazi?" Mabinti wakacheka. Nimewalea mwenyewe hao.

Nitasema. Lakini baada ya Jumamosi. Mtu akishapanda jukwaa anasikilizwa zaidi.

Jumamosi, 9 Oktoba

Najua sasa kwa nini alipiga mluzi.

Ukumbi ulijaa mpaka ngazini. Suti ya kukodi, ua kifuani. Delphine akaimba pasi yake, mkono wa kushoto wa Hattie chini yake kama godoro. Leso. Zamu yangu. Nikaimba Mabel, mkono ule ule, nikaruka juu yake kama kijana. Vicheko, makofi. Bwana Fenstermacher kaketi mbele, mguu juu ya mto, anawapungia watu.

Halafu pamoja.

Nikavuta pumzi, nikaingia. Na sakafu ikaondoka.

Kaubadilisha! Mkono wa kushoto! Wimbo wa Delphine unakwenda vilevile, mtamu, hata umezidi utamu, kama mama kabadilisha kitambaa tu chini ya pasi ile ile. Lakini wa kwangu! Kila nilipokanyaga palikuwa tupu. Nikasema "manyoya", likatoka kama paka kakaliwa. Nikapandisha sauti, nikateremsha, nikaitafuta ile njia niliyoizoea. Imehamishwa! Nikamkodolea macho Hattie. Kanitabasamia, akageuza tena.

Delphine hakushtuka hata chembe. Alishaambiwa mapema huyo! Kanisogelea bado anaimba, akaninong'oneza kati ya mstari na mstari, "Vua kofia, babu, watu wanakuona."

Mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi niliongeza sauti. Niliimba mpaka mwisho, sikuacha neno hata moja. Hilo hawatanipokonya. Pale roshani kijana wa ofisi nyingine akapiga kelele eti huyo mzee kameza king'ora, na ukumbi wote ukapasuka. Delphine akaendelea peke yake. Hattie akaurudisha mkono wa zamani. Makofi yalikuwa yao.

Nyuma ya jukwaa Bwana Fenstermacher hakufoka. Bora angefoka. Kanikalisha kwenye piano. Kasema noti hasomi lakini masikio anayo, nimpigie mkono wa kushoto wa wimbo wangu, ule wa pili, wa leo, maana mtunzi ni mimi, lazima ninaujua.

Nikaweka mkono. Vidole vitano, kama samaki sokoni.

Akamwambia Hattie apige. Akapiga. Kisha akapiga wa tatu, ambao hakuna aliyewahi kuusikia, nao ukakaa chini ya "Pasi" vilevile. Akasema anao mwingine kama bosi ana nafasi.

Fundi wa kufuli alijulikana.

Nikasema. Basi, nilisema, jamani. Nikasema ukuta ni mwembamba, nikasema niliusikia nikauchukua, nikasema "Pasi" yote ni yake, na "Mabel" asingesimama siku moja bila miguu ya Hattie. Delphine alikuwa anasikiliza kafungua mdomo, nikatamani kumwita yule daktari. Bwana Fenstermacher akaagiza jalada lichorwe tena. Jina la Dunleavy juu, kubwa. Langu nusu ya chini, dogo, kwa ajili ya maneno ya Mabel tu, na hata hilo ni kwa sababu Hattie alisema yaachwe, manyoya yale yanachekesha.

Yaani kanionea huruma! Usiku huu ndilo linalonichoma kuliko ile sauti ya paka.

Jumapili, 10 Oktoba

Perla kanivalisha koti kama mtoto, kanitoa mlangoni. Kasema nenda kaombe radhi, usirudi nayo.

Nikaenda. Kina Dunleavy wanakaa ghorofa ya tano, na kila ngazi kuna mtu kakaa ananitazama. Mmoja, kavaa fulana, akaniuliza kama mimi ndiye yule wa soksi. Habari zimeshuka mpaka chini.

Kafungua mama mtu. Mdogo, mikono myekundu, gazeti la leo limebandikwa ukutani juu ya meza ya pasi, jina la binti yake limezungushiwa kalamu. Hakunikaribisha kukaa. Kanipa shati la mtu nilishike upande mmoja wakati anakunja. Nikalishika. Hattie akatoka chumbani na kikombe cha chai, hakuniletea.

Nikawa nimejiandaa njiani. Nikasema, "Bi Dunleavy, nilikukosea, nilichukua kisicho changu, nikanyamaza pale nilipotakiwa kusema, na mama yako nusura nimdanganye gazetini. Naomba radhi. Lakini..."

Akainua kidole.

"Hilo neno la mwisho, Bwana Pomerantz."

Nikamuuliza lipi.

"Hilo. Lichukue ushuke nalo. Ukishalitupa njoo tena, chai ipo."

Nikajaribu palepale. Haki ya Mungu nilijaribu. Nikaanza upya, nilikukosea, nilichukua, nilinyamaza, naomba radhi, nikafunga mdomo. Pasi inafuka mvuke. Mama Dunleavy ananitazama, Hattie ananitazama. Na hiyo "lakini" ikapanda peke yake kooni kama kwikwi. "Lakini bila mimi kusimama roshani," nikasema, "leo kungekuwa na wimbo pacha?"

Mama akachukua shati lake mikononi mwangu. Akafungua mlango. Kasema kwa upole sana niangalie ngazi ya tatu, imelegea.

Jumatatu, 11 Oktoba

Sikulala, na heri sikulala, maana nimepata jibu.

Tatizo langu si kukosa majuto. Majuto ninayo, mengi, yamejaa mpaka hapa. Tatizo ni kwamba nikisema kwa maneno matupu mdomo unateleza unafika kwenye "lakini". Nikiimba sitelezi. Wimbo una mwisho, ukifika mwisho umefika.

Kwa hiyo nimetunga radhi. Beti moja na kiitikio. Nakiri mwizi ni mimi, namtaja kwa jina lake lote, Harriet Dunleavy, namtaja mama, naitaja hata ngazi. Hakuna "lakini" ndani yake hata moja, nimehesabu. Nimemwimbia Perla jikoni. Kakaa chini, kajifunika aproni usoni, mabega yanatikisika. Kaguswa.

Na sitaiimbia ghorofa ya tano. Nilimkosea mbele za watu, nitaomba radhi mbele za watu. Bwana Fenstermacher kamwingizia Hattie wimbo wa pili, wa peke yake, na Jumatano hii, tarehe 13, onyesho la mchana, Delphine ataufungua kwa mara ya kwanza. Ni wa taratibu. Nimeusikia asubuhi yote, yuko hapo ng'ambo ya ukuta anaufanyia mazoezi, na mkono wa kushoto safari hii, jamani, huo mkono! Sijawahi kusikia kitu kama hicho. Sikuweza kukaa nao hivihivi.

Naahidi basi, na iandikwe. Jumatano mchana, Delphine akifika tu kwenye kiitikio, nitasimama roshani upande wa kushoto na kumwomba Hattie Dunleavy radhi kwa sauti yangu yote.

Nimeshaijaribu hapa polepole juu ya mkono wake mpya, sikio ukutani.

Inakaa!